Barabara ya Majani Chai

Kwetu, juu ya Mogogosiek huko Bomet, watu hawakupima umbali kwa maili wala kwa kilomita. Walipima kwa majani. Ukitaka kujua kama boma fulani ni mbali uliuliza: wakichuma asubuhi, majani hufika kituo cha kununulia yakiwa mabichi au huwa yameungua? Kwa kipimo hicho sisi tulikuwa mbali sana, ingawa paa la kiwanda tuliliona wazi ng'ambo ya bonde, na king'ora chake cha kubadilisha zamu kilitufikia hata wakati wa mvua.

Chai haina subira. Mahindi utayaweka ghalani ungojee bei. Hata maziwa kwetu yalikuwa na njia yake: yaliyokosa gari la asubuhi yaliingia kwenye kibuyu yakawa mursik, maziwa yetu ya mgando. Jani la chai likishakatwa mtini lina saa chache tu. Ukilishindilia ndani ya gunia linapata joto, linaanza kuwa jekundu, na karani wa kituo akitia mkono katikati ya gunia anajua hapo hapo. Anakwambia, "Mama, haya peleka nyumbani." Na nyumbani hayana kazi, kwa sababu ng'ombe hali chai.

Tena huku mvua haitaki kubembelezwa. Nyanda za juu za Kericho na Bomet hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha alasiri, saa zile zile ambazo majani yanatoka shambani kwenda kupimwa. Mara nyingine huja na mawe yanayochanachana vichipukizi. Mungu alipotupa udongo wa chai alitupa na utelezi wake. Mteremko wetu wa kwenda mtoni ulikuwa njia ya miguu iliyochimbwa na kwato za punda, na ikinyesha nusu saa iligeuka mkondo. Mama na wanawake wengine wa mgongo ule wa mlima walibeba magunia mgongoni, wakashuka kwa kushika vichaka, wakavuka kwenye magogo, wakapanda upande wa pili. Sisi watoto tulifuata nyuma na vikapu vidogo. Gari la majani lilikuwa likisimama kituoni muda mfupi tu. Likiondoka, limeondoka na kazi ya siku nzima.

Si kwamba nchi ya chai haikuwa na barabara. Kampuni kubwa zilikuwa zimeingia Kericho tangu miaka ya 1920, na ndani ya mashamba yao barabara zilinyooka zikakata mistari ya chai kama uzi. Zilikuwa barabara za watu binafsi, zenye mageti na walinzi. Sisi wakulima wadogo tuliruhusiwa kupanda chai miongo mitatu baadaye, na hata hapo kwa kipimo na kwa kibali. Mamlaka ya kwanza ya kusimamia mazao ya wakulima wadogo iliundwa mwaka 1960, na mwaka 1964 ikazaliwa KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo. Mikopo ya Benki ya Dunia na ya shirika la maendeleo la Waingereza ilijenga viwanda, na katikati ya miaka ya 60 ulikuwapo mkopo maalumu wa barabara za majani chai. Hizo zilikuwa njia za uti wa mgongo, kutoka kiwandani mpaka vituo vikubwa vya kununulia. Mbavu ziliachwa. Baba alipanda miche yake ya kwanza akiahidiwa kwamba barabara itafuata. Alingoja mpaka mimi nikazaliwa, nikaanza shule.

Barabara ilikuja kwa jina la RARP. Watu wetu walilitamka kama jina la mtu: Rapu amefika Boito, Rapu anakuja kwetu. Ulikuwa mpango wa serikali wa barabara za mashambani ulioanza mwaka 1974, ukigharamiwa na wafadhili wa nchi nyingi pamoja na Benki ya Dunia, na kazi yake ilifanywa kwa mikono badala ya mitambo. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeishauri Kenya kwamba nchi yenye vijana wengi wasio na ajira haina sababu ya kununua tingatinga kila mahali ambapo jembe linatosha. Mpaka katikati ya miaka ya 80 mpango huo ulikuwa umefungua karibu kilomita 8,000 nchini. Chache kati ya hizo zilikuwa zetu.

Lakini kabla ya jembe la kwanza palikuwa na baraza. Chifu alisimama chini ya mti, pembeni mwake mtu wa wizara akiwa na karatasi ndefu na viatu vyenye matope. Chifu hakupamba maneno.

"Serikali inaleta pesa, inaleta vyombo, inaleta fundi. Haileti ardhi. Ardhi ni yenu. Mkitaka barabara, toeni njia. Fidia hakuna."

Palinyamaza. Mashamba yetu yalikwisha kugawanywa na kuwekewa mipaka zamani, na kila mtu alijua jiwe lake liko wapi. Njia ya miguu ilipita katikati ya mashamba kwa hisani tu. Mwenye shamba akitaka aliiziba kwa miiba, ukazunguka. Sasa mtu wa wizara alikuwa akitaka upana wa kupitisha lori, na mitaro kila upande. Kwa mwenye ekari mbili hilo si jambo dogo.

Baba alikubali upesi kwa sababu njia ilimgusa kwenye malisho. Aliyeguswa vibaya alikuwa mzee wa boma la tatu kutoka kwetu. Mstari wa vigingi ulipita juu ya chai yake yenyewe, miti iliyokwisha kukomaa, ile iliyomlipia ada ya mtoto wake wa kwanza wa sekondari. Alisimama akaegemea fimbo yake.

"Chifu, nakuheshimu. Lakini nimesikia hapa kwamba wote mtapata barabara. Sijasikia nani mwingine anang'oa chai."

Hakuna aliyekuwa na jibu, na baraza likavunjika bila uamuzi. Mtu wa wizara alisema atarudi baada ya wiki mbili. Mkishindwa kukubaliana, vigingi vitahamia mgongo mwingine wa mlima, ambao watu wake walikuwa wakiomba. Nadhani tishio hilo lilifanya kazi kuliko hotuba yoyote.

Jambo lilirudi kwa kokwet, baraza letu wenyewe la ujirani, ambalo Wakipsigis walilitumia kuamua mambo tangu kabla ya kuwapo chifu wa serikali. Walikutana kwa babu jioni tatu mfululizo. Sikuruhusiwa kukaa karibu, lakini nyumba yake haikuwa na kuta za kuzuia maneno. Walichoamua ni hiki: kila boma litakalotumia barabara litatoa miche ya kumrudishia mzee chai yake, watu watatoka kwa morik, kazi ya zamu ya majirani, wamlimie na kumpandia upande wa chini wa shamba, na baba yangu pamoja na jirani mwingine watasogeza mpaka wao kidogo ili mzee apate mahali pa kupanda. Mzee alikubali. Walikunywa, wakapeana mikono. Hakuna aliyeandika chochote, kwa sababu wote waliokuwa pale walijua, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja watakuwapo watu wasiojua.

Kazi ilipoanza, walioomba vibarua walizidi nafasi mara kadhaa. Ili kuondoa manung'uniko, kura zilipigwa mbele ya watu: karatasi zilikunjwa zikatiwa kwenye kikapu, kila mtu akachomoa yake. Wanawake walichomoa sawa na wanaume, jambo ambalo wazee wengine walilitazama kwa jicho la upande. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ambaye alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, alichomoa karatasi yenye alama. Alicheka mpaka akakaa chini.

Walipewa jembe, sururu, koleo na toroli. Kazi ilikuwa ya kipande: nyapara alipima asubuhi kwa kamba, akakuonyesha sehemu yako, ukimaliza unaenda zako. Waliozoea kuchuma chai tangu alfajiri walimaliza kabla ya saa sita wakaenda kuchuma majani yao. Nyapara mwenyewe alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye Kiswahili cha haraka na kipande cha ubao kilichochongwa kwa mwinamo. Ubao ule aliuthamini kuliko saa yake. Aliuweka juu ya barabara, akaweka pimamaji juu yake, na kama katikati hapakuinuka inavyotakiwa alisema, "Rudia." Nilimsikia siku moja akimwambia shangazi:

"Dada, barabara haiuawi na lori. Inauawa na maji. Ukiyafukuza maji, lori litapita mpaka wajukuu."

Shangazi alilishika neno hilo. Sisi tuliokuwa tukitazama tulitaka kuona murram ikimwagwa, trekta na tela lake, vumbi jekundu. Yeye alitazama mitaro. Aliuliza kwa nini mtaro huu unatoka nje kila baada ya hatua kadhaa, kwa nini kalvati imelazwa na mteremko, kwa nini mawe yamepangwa pale maji yanapoanguka. Nyapara alimjibu kila swali, mwanzoni kwa mzaha, baadaye kwa makini.

Gari la majani lilipopanda kwetu mara ya kwanza watu hawakushangilia sana kama ninavyosoma kwenye hadithi za maendeleo. Walisimama kando, wakatazama magurudumu. Utingo aliruka chini akauliza kituo kiko wapi. Kituo hakikuwapo bado, palikuwa na nguzo nne na mizani juu ya mti. Jioni ile mama alirudi nyumbani kabla ya giza, akapika, akakaa. Sikumbuki kuwahi kumwona amekaa saa ile katikati ya wiki.

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka yakumbukwe, kwa sababu ndiyo yaliyosahauliwa upesi. Mpango ule haukumaliza barabara ukaenda zake. Kila kipande cha kilomita moja na nusu au mbili kilipewa mtu mmoja anayeishi kando yake, mara nyingi mmoja wa wale walioijenga, akapewa vyombo na mkataba wa kufanya kazi takriban siku tatu kwa wiki, akalipwa mwisho wa mwezi. Kazi yake ilikuwa kuzibua mitaro na kalvati, kufyeka kando, kuziba mashimo yangali madogo, kurudisha katikati udongo uliotawanywa na magurudumu. Kwetu mtu huyo alikuwa shangazi.

Alikuwa akitoka wakati wa mvua yenyewe, si baada yake, gunia la nailoni kichwani. Watu walimwona kama mwenye wazimu. Lakini alisema mvua ikikatika huwezi tena kujua maji yalipita wapi. Unaona uharibifu tu, huoni njia ya mharibifu. Alijua kalvati ipi hushiba majani ya mkaratusi na ipi huziba kwa mchanga. Alijua boma lipi linamwaga maji ya paa barabarani, akaenda kuwasemesha kwa adabu, na adabu ikishindwa alichimba mfereji ukarudisha maji kwao. Madereva wa majani walimpigia honi ya heshima. Kwa mshahara ule mdogo alimlea binti yake, akanunua ng'ombe, akapanda chai yake mwenyewe kwenye kipande alichopewa na babu. Kwa miaka ile yote lori halikulala njiani kwetu.

Ng'ambo ya mto, kwenye barabara za kampuni, mambo yalikuwa hivyo hivyo, na hiyo ndiyo siri yao yote. Wengi wetu tuliamini kampuni ina murram ya aina nyingine au mitambo ya Ulaya. Nilipokua nikafanya kibarua huko wakati wa likizo niliona kila sehemu ya shamba ina kikosi chake cha majembe, na nyapara wake hakuulizwa kuhusu chai hata kidogo. Aliulizwa kuhusu mitaro. Mageti yao yalifungwa usiku, na kwetu kuna watu waliozungukia mbali na mgonjwa machelani kwa sababu mlinzi hakuwa na amri ya kufungua. Hilo lilituuma. Lakini barabara yenyewe hawakuiacha kwa bahati.

Mwishoni mwa miaka ya 80 mpango wa RARP ulibadilika jina na sura. Malipo ya shangazi yalianza kuchelewa, mwezi ukawa miwili, miwili ikawa minne. Aliendelea. Aliambiwa ofisini faili yake haionekani. Aliendelea. Kisha akaambiwa mkataba haupo tena, arudishe vyombo. Alirudisha koleo na toroli, jembe akasema limevunjika. Jembe halikuwa limevunjika.

Miaka ya 90 pesa za barabara hazikupungua, angalau kwenye karatasi. Ushuru wa mazao ulikatwa, na kwa mpango uliokuwapo asilimia 80 yake ilipaswa kurudi kwenye barabara za eneo lililotoa zao hilo, asilimia 20 ikibaki na halmashauri. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria ya ushuru wa mafuta kwa ajili ya kutunza barabara, na mwaka 1999 sheria ya Bodi ya Barabara. Bomet ilikuwa imekwisha kuwa wilaya peke yake tangu mwaka 1992, kwa hiyo hata ofisi zilikuwa karibu zaidi. Nilichaguliwa kwenye kamati ya kituo chetu, watu watano, nikawa katibu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Kazi yetu kubwa ikawa kuandika barua za kuomba greda.

Greda lilikuja. Lilikuja karibu na uchaguzi, au mkubwa alipotarajiwa kwenye mazishi. Dereva wake hakuwa na ubao wa mwinamo. Alishusha kisu, akakwangua barabara ikawa bapa na ya kupendeza, udongo aliokwangua akausukuma pembeni, ukajaza mitaro ambayo shangazi aliitunza miaka yote ile. Watu walipiga makofi. Shangazi alisimama mlangoni kwake mikono kiunoni. Nilimwuliza anaonaje.

"Wametengeneza mto," alisema.

Mvua za El Niño zilipokuja mwishoni mwa mwaka 1997 zikaendelea hadi mwaka uliofuata, mto huo ulijaa. Nchi nzima ilipoteza madaraja, nasi hatukuwa watu wa pekee. Kwetu kalvati mbili zilifukuliwa zikabaki zikining'inia, na kwenye mteremko palichimbika korongo la kumfika mtu kiunoni. Gari la majani lilikoma kupanda. Wanawake walirudi kwenye magogo ya mto, safari hii mabinti wa wale waliovuka zamani. Majani yaliyoungua yalimwagwa kando ya kituo yakaoza, na harufu yake, chachu na tamu kidogo, ndiyo ninayoihusisha na miaka ile. Mwezi wa bonasi watu walitazama karatasi zao za malipo, wakaona makato, wakaja kwa katibu. Waliuliza swali moja: asilimia 80 iko wapi? Niliandika barua. Majibu yalikuwa ya heshima sana na hayakuwa na greda ndani yake.

Tulichofanya hatimaye kilitoka kwenye kumbukumbu, si kwenye ofisi. Mkutano wa kituo ulikubali kukata senti kidogo kwa kila kilo, zibaki kituoni. Tulirudisha morik, kila boma mtu mmoja Jumamosi. Mawe yalibebwa kwa punda kutoka mtoni. Na tulimwita shangazi, mzee sasa, goti moja halimtii, akakalishwa kwenye kiti kando ya barabara akielekeza kwa fimbo. Alitaka kwanza tufukue mitaro kabla ya kugusa barabara yenyewe. Vijana walilalamika, walitaka kuziba mashimo. Aliwaambia mashimo hayana haraka, maji ndiyo yenye haraka. Baada ya mwezi gari lilipanda, kwa minyororo kwenye magurudumu, lakini lilipanda.

Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, barabara kama yetu zikawa mzigo wao kikatiba. Nitasema haki: miaka ya mwanzo niliona murram nyingi kuliko niliyoiona katika miongo miwili kabla yake. Mwakilishi wa wadi aliishi miongoni mwetu, unamkuta sokoni, unamshika shati. Mwaka 2016 orodha mpya ya barabara za nchi ilitangazwa rasmi, zaidi ya kilomita 161,000, zaidi ya 121,000 kati ya hizo zikiwa za kaunti. Kazi hiyo ni kubwa, nami sitamlaumu mtu kwa ukubwa wake.

Ila hapo ndipo lile la kokwet lilipotufuata. Kipande chetu cha juu kilipopangiwa fedha za kuwekwa changarawe na kalvati mpya, mpima ardhi alikuja na ramani yake, akapanda na kushuka, akafuta jasho. Kwenye ramani hapakuwa na barabara. Palikuwa na mashamba, na mipaka ya hati ilipita katikati ya njia tuliyoitumia kwa karibu miaka 40. Kwa sheria, alisema kwa upole, hii ni njia ya watu binafsi, na pesa za umma haziwezi kumwagwa kwenye shamba la mtu. Mjukuu wa yule mzee wa boma la tatu, kijana aliyesoma, akaisikia habari hiyo akaja na hati yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu: kama ni yangu, fidia yangu ni kiasi gani?

Tulirudi chini ya mti. Waliokumbuka jioni zile za kokwet walikuwa wachache, na mimi nilikuwa shahidi wa kupitia ukutani. Nilieleza habari ya miche, ya mpaka uliosogezwa, ya watu waliomlimia babu yake. Bibi mmoja aliyekuwa msichana wakati ule akaenda mpaka upande wa chini wa shamba la kijana, akamwonyesha mstari wa chai. Alitaja mche upi ulitoka boma lipi, mmoja mmoja, pamoja na ule ulioletwa na baba yangu. Kijana alisikiliza, kisha akauliza kama maneno hayo yanaweza kuandikwa safari hii. Tuliandika. Kila mwenye shamba alitia sahihi kuachilia njia, chifu akashuhudia, mpima akachora. Leo barabara yetu ni ya umma hata mbele ya sheria.

Kalvati mpya zimewekwa, changarawe imemwagwa, na vyote vimefika kwa wakati wake. Mwaka 2024 ushuru wa mafuta ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na magavana na wabunge wakafikishana mahakamani juu ya nani ashike shilingi bilioni 10.5 za barabara. Nilifuata kesi hiyo redioni kwa hamu, nikingoja mtu mmoja kati yao aulize pesa hizo zikishashikwa zitamlipa nani wa kuzibua mtaro. Sikumsikia. Katika mkutano wa bajeti ya wadi nilisimama nikaliuliza mwenyewe. Mhandisi, kijana mwenye adabu, alinijibu:

"Mzee, huo si mradi. Huo ni utunzaji."

"Na utunzaji uko fungu gani?"

Alipekua karatasi zake kwa uaminifu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa mwisho.

Tangu hapo kituo chetu kinalipa watu wawili, mjane mmoja na kijana mmoja, kwa zile senti za kilo. Mkataba wao ni ukurasa mmoja, nimeuandika mimi, na sharti lake la kwanza ni kutoka nje mvua inaponyesha. Mwakilishi wa wadi ameomba nakala. Nimempa, na nimemwambia kwamba kilomita moja na nusu kwa mtu mmoja ndicho kipimo kilichofanya kazi hapa, kwamba mtu huyo aishi kando ya barabara, na kwamba alipwe kila mwezi bila kukosa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko kumwaga changarawe.